Vizibao Saba

Mcheza kwao hutunzwa, na bodi ya shule ile ya wasichana ililishika neno hilo kama lilivyo. Kocha wa mpira wa pete alipostaafu, zilikuja barua kumi na moja za maombi. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye vyeti vitatu vya ukocha, vyote vina mihuri. Kulikuwa na mama aliyewahi kufundisha timu ya jeshi. Wapi! Wote waliambiwa "tutawajulisheni", na hadi leo hawajajulishwa. Kazi akapewa Nguzo, ambaye hata kuomba hakuomba.

Nguzo ni jina alilopewa akiwa kidato cha kwanza, kwa sababu alisimama chini ya goli la shule miaka minne na mipira ikakiona cha moto. Sasa ana miaka arobaini na mbili, goti la kushoto linalalamika kila akipanda ngazi, na kabla ya kuitwa alikuwa akihesabu maboksi kwenye ghala la sabuni. Sijui watu wana kasumba gani. Mtu akipika vizuri siku moja, wanataka afungue hoteli. Kucheza ni kitu kimoja na kufundisha ni kingine, lakini nani atakusikiliza wakati picha yake bado iko kwenye korido ya ofisi, amekunja mikono, mashavu yamejaa?

Aliyelitaja jina lake mbele ya bodi ni karani wa shule. Hao wawili walisoma darasa moja, wakalala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu mmoja chini, na wakawa timu moja ya mpira wa pete. Nguzo alizoea kumtambulisha hivyo kwa watu: "Huyu tumecheza wote." Karani ndiye aliyempigia simu. "We Nguzo, acha maboksi ya watu. Rudi nyumbani."

Akarudi. Akapewa chumba nyuma ya stoo ya vifaa, kina kitanda, meza yenye mguu uliofungwa waya, na dirisha linalotazama ukuta. Na mume walishaachana zamani, kila mtu akabeba sufuria zake, na mtoto hawakujaliwa. Alidhani shuleni atajisikia kwao. Lo! Alikijua kila chumba cha shule ile ila hakujua akae wapi. Kwenye ofisi ya walimu kila kiti kilikuwa na mwenyewe, na wenye digrii zao waliongea mambo yao ya mitaala. Akipita bwenini wasichana walinyamaza ghafla, kama ilivyo kawaida mwalimu akipita. Wachezaji wenzake wa zamani walikuja siku ya kwanza, wakamkumbatia, wakapiga naye picha, kisha kila mmoja akaenda kwa mumewe. Siku nyingine ilifika saa kumi na moja jioni ndipo akagundua kwamba tangu asubuhi hajaongea na mtu ila kwa filimbi.

Aliyebaki ni karani tu. Kila siku saa kumi na mbili jioni Nguzo alitoka getini, akavuka barabara, akaingia kwa karani kwa mlango wa nyuma bila hodi. Alikaa jikoni kwenye kigoda akamenya viazi. Mume wa karani alimtania, "Shemeji, leo goti umekuja nalo au umeliacha?" Binti yao wa kidato cha tatu, anayesoma kutwa, alimwita mama mdogo na kumwekea kipande kikubwa cha nyama. Jiko lile ndilo lililokuwa maisha yake yote. Ukimnyang'anya hilo, hana kingine, na mwenyewe alilijua hilo vizuri.

Sasa huyo binti alikuwa mmoja wa wachezaji kumi na wawili wa kikosi, tena akicheza nafasi ileile ya Nguzo ya zamani, chini ya goli. Ana moyo mkubwa. Miguu ndiyo mizito.

Mechi ya kwanza ya msimu ilipokaribia, Nguzo akaja jikoni uso unang'aa. "Mwenzangu, unajua ninarudisha nini? Ile ya vizibao!"

Karani aliacha kumenya. "Ile ya kukaa kwenye benchi?"

"Hiyohiyo! Unakumbuka raha yake?"

"Nakumbuka," karani akasema, akachukua kiazi kingine.

Basi nikueleze. Enzi zao kocha alikuwa mama mmoja mkali, marehemu sasa, ambaye hakusoma majina ya kikosi. Asubuhi ya mechi wachezaji wote kumi na wawili walikaa kwenye benchi refu kando ya uwanja, macho mbele, marufuku kugeuka. Yeye alipita nyuma yao na vizibao saba mkononi, zile fulana fupi zisizo na mikono zenye herufi ya nafasi ya mchezaji. Akikuvisha begani, unacheza. Hasemi neno. Ambao hawakuguswa walinyanyuka wakachukua ndoo, kwa sababu wao ndio wa kubeba maji, na baada ya mechi ndio wa kufua vizibao vya wenzao. Kila Jumamosi kwa miaka minne, Nguzo alisikia kitambaa kikitua begani. Hakuna kitu kitamu alichowahi kukisikia tangu hapo, ndoa ikiwamo. Akaona awape watoto utamu huo.

Jumamosi ikafika. Wazazi walijaa kwenye viti vya plastiki. Karani alikuja na wifi yake, amejifunga kilemba kipya, kwa sababu binti alikuwa ameuambia mtaa mzima kwamba leo anacheza. Nguzo akaanza kupita nyuma ya benchi. Cha kwanza akavisha, cha pili, cha tatu. Alipofika kwa binti wa karani, mtoto alikuwa amenyoosha mgongo na kufumba macho. Pembeni yake alikaa msichana mrefu wa kidato cha pili, ambaye kwa wiki sita za mazoezi alimzidi kwa kila kitu, na hilo kila mtu aliliona. Nguzo akakikunjua kizibao. Akapita. Kizibao kikatua kwa yule mrefu.

Vizibao vikaisha, na binti wa karani bado amefumba macho. Aliendelea kungoja hata wenziwe walipoanza kusimama. Akafumbua, akatazama bega la kulia, kisha la kushoto. Kwenye viti mtu mmoja akacheka, kicheko kidogo tu. Mtoto akaenda kuchukua ndoo.

Timu ikashinda, magoli thelathini na moja kwa ishirini na nne. Mkuu wa shule akampa Nguzo mkono mbele ya watu. Alipogeuka kumtafuta karani, viti viwili vilikuwa vitupu.

Jioni akaenda kama kawaida. Mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo. Akazunguka mbele, akapiga hodi, akakaribishwa sebuleni. Sebuleni, yeye! Akaletewa soda juu ya sinia na glasi iliyofunikwa. Mume akapita, akasema, "Hongera, kocha," akatoka nje. Binti hakuonekana.

"Umekasirika kwa kuwa sikumpanga," Nguzo akasema.

"Hapana. Yule mrefu anamzidi mwanangu. Mimi si kipofu."

"Sasa nini, mwenzangu?"

Karani alikuwa akikunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena. "Mimi na wewe tulicheza wote, sivyo? Ndivyo unavyowaambia watu."

"Ndiyo."

"Nitajie mechi moja niliyocheza."

Nguzo akaanza kuhesabu kwa vidole. Akatafuta. Fainali ya kidato cha nne? Chini ya goli yeye, pembeni yule mwenye mwanya, katikati mapacha. Ile ya mvua? Ile waliyosafiri kwa lori? Aliziona sura zote saba, kila mechi, na kila mechi sura ya karani haikuwamo. Alimwona mahali pamoja tu, kwenye bomba nyuma ya bweni, mikono imejaa povu, anacheka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yule alilala kitanda cha chini yake miaka minne na Nguzo hakuwahi kumuuliza.

"Nilikuwa nakaa pale kila Jumamosi," karani akasema, "nanyoosha mgongo, nafumba macho. Miaka minne. Halafu nafua chako nakianika."

"Ulikuwa unacheka!"

"Ulitaka nilie mbele yenu?"

Nguzo akaanza kulia yeye, kwa sauti, na glasi ikabaki imefunikwa. "Kwa nini hukuniambia siku ile pale jikoni?"

"Hilo kosa langu. Nilidhani utakumbuka mwenyewe."

"Nisamehe, ndugu yangu. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Hilo ndilo linaloniuma." Karani akasimama, akamshika bega, bila ukali. "Nimekusamehe. Sina kinyongo. Ila kesho usije. Mtoto hataki kukuona, na mimi nimechoka. Nitakuita."

"Lini?"

"Nitakuita, Nguzo."

Jumatatu Nguzo alikusanya kikosi, akasoma majina kwa sauti, akamwita kila aliyeachwa pembeni na kumweleza sababu, na vizibao akavifua mwenyewe. Wachezaji walikuwa kumi na mmoja. Binti wa karani alirudisha fulana ya mazoezi kwa mkono wa rafiki, imepigwa pasi. Ofisini karani alimsalimu vizuri, akampa fomu, akamwonyesha pa kusaini, akamtakia siku njema. Timu ikaendelea kushinda hadi gazeti likaandika kwamba shule zote zingefanya busara kuajiri watu wao.

Wiki ya tano, saa kumi na mbili jioni, mlinzi wa geti alimkuta tena amesimama pale, ameoga, amevaa viatu vya kutokea.

"Unatoka, kocha? Nikufungulie?"

"Hapana," Nguzo akasema. "Usifungue. Sijaitwa bado."