Ndugu Yangu Alipima Mbio za Gari na Maro Akiwa Ndani

Maro wa ndugu yangu alipanda gari akiwa na kitambaa kichwani. Aliposhuka, kitambaa kilikuwa kwa buti, na mimi nilikuwa sina pa kuweka uso.

Kwa wasio wa huku kwetu, maro ni mama mkwe. Mkwe wa kiume hamgusi, hali naye meza moja, wala haoni nywele zake.

Sasa, ndugu yangu Chrispine ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Migori. Mwaka jana alinunua gari la familia, lile kubwa la viti saba. Gari likamwingia kichwani kuliko dini.

Alikuwa ameona video za watu wakipima gari linatoka limesimama mpaka spidi mia kwa sekunde ngapi. Naye akataka sekunde zake. Kanisani, matangani, stori ni hiyo tu.

Siku moja wakiwa Uriri akamwambia mke wake, Trizah, ashuke kidogo. Akashusha na gunia la viazi. Eti gari liwe jepesi, apate sekunde safi.

Aliporudi, alipata gunia tu.

Trizah alikuwa ameshapanda boda kwenda kwao Ndhiwa. Akakaa huko miezi, simu hapokei.

Nani alitumwa kumwombea Chrispine msamaha? Mimi, Eucabeth, dada mkubwa. Niliongea mbele ya wazee wao mpaka mate yakakauka.

"Ametulia," nikawaambia. "Hiyo ujinga ya gari iliisha."

Wakakubali. Maro akasema atamsindikiza binti yake mpaka mlangoni, ajionee mwenyewe.

Chrispine akaja kutuchukua na gari lake, na njiani mambo yalikuwa shwari. Trizah hata alicheka mara moja. Kisha tukafika mahali barabara imenyooka, hakuna gari mbele wala nyuma.

Chrispine akasimamisha. Akanipa simu yake, saa ya kupimia iko wazi.

"Dada, nikisema sasa, bonyeza," akaninong'oneza.

"Chrispine, maro yuko nyuma."

"Si ndio poa. Sijawahi pima ikiwa na watu."

Kabla nijibu, akakanyaga mafuta.

Simu ilinitoka mkononi. Nilipogeuka, maro alikuwa miguu juu, mvi zote nje, na Chrispine anaziona kwa kioo.

Akafunga breki.

Maro hakumwangalia. Aliongea na mimi, kwa upole wa kutisha. "Nyathina, mwanangu, mwambie ndugu yako afungue mlango."

"Mama, tafadhali msamehe."

"Si ni wewe ulisema ametulia?"

Aibu ilinichoma mpaka masikio.

Trizah alimfunga mama yake kitambaa, akamshika mkono, wakavuka barabara. Boda ya kwanza ikawabeba wote wawili, wakarudi Ndhiwa.

Chrispine alibaki ameshika usukani, macho mekundu. Nikadhani analia. Nikaanza kumwonea huruma, maana damu ni nzito kuliko maji.

Akameza mate.

"Dada," akasema, "ilikuwa ngapi?"

Nikashuka pia.

Wenye kaka, nisikieni. Usimdhamini mtu kwa wakwe kwa sababu anajua kuomba msamaha. Mwache kwanza apate barabara tupu, ndipo umsemee.