Mdalasini Mwembamba wa Bibi

Mwezi uliopita nilipita Kagongwa kumjulia hali shangazi, nikakaribishwa chai. Mdalasini ulinukia kabla kikombe hakijanifikia. Nilionja mara moja, nikakiweka chini. Ulikuwa ule mnene, na ule mnene haunishuki tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Wengi watakuambia mdalasini ni mdalasini. Bibi, aliyenilea palepale Kagongwa, angekucheka. Mke wa Mhindi mwenye duka lililotazamana na nyumba yetu ndiye aliyemfundisha kuwa uko wa aina mbili. Mwembamba una matabaka mengi yaliyojiviringisha pamoja, huvunjika kwa vidole, na utamu wake ni wa taratibu; huo hutiwa birika likishaepuliwa, kisha likafunikwa. Mnene ni gome moja gumu kama kibanzi cha kuni, mkali hadi kooni. Huo ni wa pilau na nyama, na lazima uchemke kweli kweli. Jioni, tukila michembe, vile viazi vyetu vikavu, Bibi alitufunga kitambaa machoni wajukuu, akatuonjesha mmoja mmoja. Sikukosea hata siku moja. "Huyu ana ulimi wangu," alizoea kusema.

Ulimi huohuo ndio ulioniponza. Mdalasini mwembamba ulikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, nami kila asubuhi niliiba kipande nikatafuna njiani kwenda shule. Sikuona hatari, duka si lile mbele yetu. Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo wa themanini, unaikumbuka, sabuni kwa foleni na chumvi kwa kubahatisha. Rafu zikabaki tupu, yule mama na mumewe wakafunga duka, wakahama.

Masika yale Bibi akaugua. Chakula kilimshinda, akasema anachotamani ni chai ya mdalasini mwembamba tu. Nikapanda kiti, nikashusha kopo. Ndani lilikuwa limebaki vumbi tu la mdalasini. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu. Nilikimbia mnadani, nikapata mnene, nikauchemsha mpaka maji yakawa mekundu, nikazidisha maziwa ili kuuficha ukali.

Bibi alipiga funda moja, akakishusha kikombe.

"Huu ni ule wetu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wabeja, mjukuu wangu," akanishukuru kwa Kisukuma chake, akakimaliza kikombe chote.

Siku ya tatu alifariki.

Lile duka sasa ni ghala la mpunga. Mdalasini sokoni huja umeshasagwa, umefungwa kwenye vipakiti, wala hakuna anayeuliza ni upi. Mimi nikiupata mwembamba huutia kwenye kopo lilelile, na siutafuni. Ndugu zangu mpaka leo husimulia kwamba Bibi aliondoka akiwa ameridhika, chai aliyoitamani aliipata, na mimi ndiye niliyempikia. Sijawaambia kwamba ulikuwa ule mnene, wala kwamba ulimi wa Bibi haukuwahi kukosea.