Safari ya Bukoba Kumziba Koku Mdomo

Niliondoka nyumbani Rubya kwenda Bukoba kumzuia mjukuu wangu asiniaibishe. Sababu ni hiyo, sina nyingine. Mjukuu huyo ni Koku, binti wa mwanangu Deo, na kazi yake ni kuchekesha watu. Michezo anaiandika mwenyewe na anaicheza mwenyewe. Alianza darasa la tatu, akimwigiza katekista anavyovuta suruali juu kabla ya kusali. Akachapwa, akaendelea. Tukampeleka chuo cha ualimu, akarudi na madaftari yamejaa vichekesho. Leo wanamwita kwenye harusi Muleba nzima, na watu wanamtazama kwenye simu badala ya kupalilia. Najivunia, sifichi. Watoto wa wenzangu wana digrii na hawajawahi kuchekesha hata mbuzi.

Lakini wiki ile jirani yangu Ma Yustina aliniletea simu yake nione tangazo. Koku kafunga kitenge kama changu, kainama kama mimi, anasema Jumamosi atacheza mchezo mpya Bukoba, wa bibi aliyekula senene kwa siri.

Zamani kwetu mwanamke alikamata senene, panzi wetu watamu, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, akampelekea mume. Mwenyewe ilikuwa mwiko kuwala. Mimi nilikula. Kila msimu nilikula nyuma ya jiko, na mume wangu, Ta Felishiani, alikufa akiamini sijawahi kuwaonja. Aliyejua ni Koku tu. Alinifumania akiwa mdogo, nikamwapisha.

Deo naye aliliona tangazo. Akanijia mlangoni, hata kukaa hakukaa.

"Akiyasema hayo mbele za watu, asikanyage hapa Krismasi. Baba hatafanywa mjinga akiwa kaburini."

Kwetu Krismasi kila mtu anarudi, hata aliye mbali namna gani. Kumfungia mtoto mlango siku ile ni kumzika. Na Deo hatanii. Aliwahi kumnunia kaka yake miaka miwili kwa sababu ya migomba mitatu ya mpakani.

Jumamosi alfajiri nilipanda bodaboda hadi Muleba, mkungu mdogo wa ndizi kwenye kikapu, kanga kichwani, mvua inaninyeshea. Muleba nikapata basi. Dada aliyekaa karibu yangu alikuwa anatazama simu na kucheka mpaka anafuta machozi. Nikachungulia. Koku. Dada akaniambia huyo bibi ni balaa. Nikamwambia huyo bibi ni mtu mzima mwenye heshima zake. Akacheka zaidi.

Kemondo ziwa likaonekana, jeupe kwa mvua. Siku nyingine ningelitazama. Siku ile nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Koku, na kila nikiyapanga yanavurugika.

Saa nne nilifika Nyanga, mtaa wa Bukoba anakopanga Koku. Mwenye nyumba, Bi Zaituni, mama wa Kiislamu mwenye moyo mweupe, alinipa chai na kiti kizuri. Akaniambia Koku ametoka mapema kwenda ukumbini kufanya mazoezi, na kwamba wiki nzima alikuwa anaongea peke yake chumbani kwa sauti ya kizee. Akanifungulia chumba nipumzike.

Daftari lake lilikuwa kitandani. Mimi niliishia darasa la pili, nasoma kwa kidole. Nilisukuma kidole mpaka nikafika kwenye neno "senene". Likanitosha. Nikalitia daftari kikapuni, chini ya ndizi. Nilijisemea, bila daftari hakuna mchezo, kama padre asiye na misale.

Saa tisa Bi Zaituni akanipeleka ukumbini. Nilikaa mbele, kikapu mapajani, nimekikumbatia. Koku akatoka mikono mitupu. Hakutafuta daftari, hakuuliza. Kumbe lote analo kichwani.

Akawa mimi. Anakaanga, anatazama kushoto, anatazama kulia, anatupia mmoja mdomoni, anajifanya anakohoa. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa natafuta mlango uko wapi.

Kisha akavaa kofia ya babu yake, akawa Felishiani. Kikohozi kilekile. Akala nusu sahani, akaisukuma. "Nimeshiba. Wape kuku."

Ndivyo alivyokuwa akisema kila msimu. Nilidhani ana tumbo dogo. Nilikuwa naichukua ile sahani, naenda nayo nyuma ya jiko, na kuku hawakupata kitu.

Koku akafuata kwa macho, kama anayesubiri mke atoke na sahani. Akatugeukia, akashusha sauti: "Kuku wangu huyo anavaa kitenge. Msimwambie kwamba najua."

Ukumbi ulitikisika. Mimi nililia, kikapu kikilowa.

Baadaye Koku alinikuta nyuma ya ukumbi, akapiga magoti kunisalimia. Nikampa daftari lake. Nikamuuliza nani alimwambia.

"Babu mwenyewe, alipokuwa anaumwa. Naye aliniapisha, Bibi. Nyie wawili mlinichosha."

Nikamweleza alichosema baba yake. Kicheko kikamtoka usoni. Akaniuliza kama asije Krismasi. Nikamwambia angoje nimpigie.

Jumapili asubuhi nilinunua senene sokoni, nikapanda basi. Njia nzima niliogopa kuliko nilivyokuwa naenda, maana sasa aibu yangu ilikuwa imeisha na wa kupotea alikuwa mtoto.

Jioni nilimwita Deo. Nilikaanga, nikamwandalia sebuleni, nikamsimulia kama ninavyowasimulia ninyi, bila kupunguza. Alikula, hanitazami. Nilichojifunza ni hiki, na nilikijua nikiwa nimesimama pale na kitambaa cha jiko mkononi: maisha yangu yote ya ndoa nilimficha mtu aliyekuwa ananisogezea sahani.

Deo alifika nusu. Akaacha kutafuna. Akaisukuma sahani upande wangu.

"Nimeshiba, Mae. Wape kuku."

Nikavuta kiti, nikala palepale sebuleni, mbele yake. Nilipomaliza nikampigia Koku, nikamwambia Krismasi aje, na kofia ya babu yake asiisahau.