Kilima Juu ya Debe

Shuleni kwetu Busunzu chakula cha mchana cha mtoto hulipwa kwa mahindi, debe moja kila muhula. Ndivyo wazazi walivyokubaliana kikaoni. Lakini siku ya kupima, mama wa kamati alikuwa anamimina mpaka kilima kinachongoka juu ya debe, na punje zikiteleza chini anasema bado. Mama yangu hakukosa kurudi nyumbani kuchota kwenye mahindi ya mbegu.

Mimi nilikuwa nimetoka Kasulu, kwenye duka la nafaka, ambako tajiri alinifundisha kufuta debe kwa ubao, sawasawa na ukingo. Nimeishia darasa la saba, ila hilo nalijua vizuri. Nikachonga ubao wangu. Siku ya kupima, njia nzima ya shuleni naimba, nimeshajiona mwenyekiti wa kamati, na mdogo wangu wa darasa la tatu anakula makande mpaka anasinzia.

"Mwakeye, mama," nikamsalimia mpimaji. "Leo tufute. Tulikubaliana debe, kilima hatukukubaliana."

Foleni ikaangua kicheko. "Mwacheni msomi wa Kasulu afute! Na sisi atufutie!"

Mpimaji aliniangalia. "Haya, mwanangu. Futa."

Nikafuta madebe ya watu wote. Kina mama wakarudi na mabaki kwenye vitenge, wananibariki. Mama akazipanda mbegu zake zote. Sijawahi kufurahi vile.

Mwisho wa mwezi mdogo wangu akarudi mchana, midomo imekauka. "Dada, mpishi hayupo. Jiko halijawashwa."

Mpishi ni mjane, jirani yetu. Nilimkuta analima kibarua.

"Shangazi, mbona umewaacha watoto?"

"Kile kilima ulichokifuta ndicho nilichokuwa nalipwa," alisema, jembe halijasimama. "Ulidhani nawapikia kwa upepo?"

Sikuwahi kuuliza kilikuwa kinakwenda wapi.

Nikajitolea kupika mwenyewe. Kuni, maji, masufuria yale makubwa. Siku ya tano mama akaniita, shamba letu limeota majani mpaka magotini. Mahindi yakabaki stoo yanaliwa na wadudu. Kamati ikaita kikao kingine: muhula ujao mpishi atarudi, lakini anataka uhakika. Debe na kilima chake, na ndoo ndogo ya sado juu yake.

"Ubao wako umetulisha nini?" kina mama wananiuliza kisimani. Nacheka tu.

Leo nimebeba debe mwenyewe. Sado hatuna, nimesema tutaileta, wakati najua hatutaileta. Mpimaji akamimina. Nikaweka viganja kuzunguka kilima kisimwagike.

"Uko wapi ubao, msomi?" mtu akauliza nyuma yangu.

Mdogo wangu amesimama mlangoni na sahani yake. Punje zikapita katikati ya vidole vyangu.

"Bado," akasema mpimaji.