Mama Mkwe Anapita

Nilivunjika mguu nikiwafundisha watu jinsi ya kuinuka. Sitanii. Ilikuwa katika ukumbi wa kanisa moja mjini Bungoma, mbele ya vijana waliokuja kwa sababu walikuwa wameahidiwa soda. Kazi yangu ni ushereheshaji wa harusi, lakini msimu ambao watu hawaoani huwa naitwa kutia watu moyo. Siku hiyo nilitaka vijana waone kwa macho yao maana ya kupanda ngazi ya maisha. Nikapanda kiti. Kutoka kwenye kiti nikapanda meza, nikainua mikono juu na kupaza sauti, "Hakuna kinachoweza kukuangusha ila wewe mwenyewe!"

Meza haikukubaliana na mimi. Vijana wakapiga makofi kwa nguvu, wakidhani kuanguka ni sehemu ya somo.

Mfupa wa muundi ulikatika na goti likateguka, nikarudishwa nyumbani Kitale nikiwa na plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Siku za plasta sina malalamiko nazo. Mtu mwenye plasta huletewa chai, huulizwa kama mto umekaa sawa, na hakuna anayemtarajia afanye lolote. Taabu ilianza plasta ilipotolewa. Daktari alinigongagonga goti, akasema mfupa umeshika vizuri. "Sasa kazi ni yako," akasema. "Tembea kila siku, hata kama ni ndani ya nyumba. Ukikaa tu, hilo goti litakauka hivyo lilivyo, na hutatembea tena bila magongo."

Nikarudi nyumbani nikakaa.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Kila nilipojaribu kusimama nilisikia ule mlio wa mbao zikipasuka, nikaketi tena. Mke wangu akiuliza, nilimwambia mguu unauma. Ulikuwa unauma kweli, ila si kwa kiasi nilichokuwa nikitangaza. Simu nayo haikunisaidia. Watu walinitumia picha za jua linalochomoza na za tai anayeruka, zikiwa zimeandikwa maneno ya kuamsha mtu. Moja niliisoma mara mbili kabla sijagundua kwamba ni maneno yangu mwenyewe, yamezunguka kaunti nzima na kunirudia kwenye kochi. Nilitamani kumjibu aliyeyatunga, nikashindwa kwa sababu ya heshima.

Mke wangu hufundisha watoto wa nasari, kwa hivyo hutoka asubuhi na kurudi jioni. Jioni moja alikuta kila kitu kiko pale alipokiacha, mimi nikiwa cha kwanza. Hakunigombeza. Alitoka nje na simu, akaongea Kibukusu kwa muda, akarudi.

"Mama anakuja," akasema.

"Mama yupi?"

"Mama yangu."

Kwa msomaji ambaye hakuoa kwetu, inafaa nieleze kwa nini nilishika kichwa. Mwanamume wa Kibukusu na mama mkwe wake hawaonani. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na kula mbele ya mwenzake ni aibu isiyosahaulika. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani mwa watu mpaka mwenzake apite. Huo si uadui. Ni heshima, tena heshima yenye kazi nyingi. Nilikuwa nimeoa miaka mingi na sura ya mama mkwe siijui. Nilimjua kwa magauni yake ya gomesi na kwa kikohozi anachokitanguliza ili nipate muda wa kutoweka.

"Atakaa wapi?" nikauliza. "Nyumba hii?"

"Atalala kwa mama mwenye nyumba. Mchana yeye atakuwa jikoni, wewe sebuleni. Si kuna ukuta?"

Ukuta ulikuwepo, ndiyo. Tatizo lilikuwa mlango. Nyumba yetu ina mlango mmoja tu wa kutokea nje, na uko sebuleni. Mtu aliye jikoni akitaka maji ya mfereji, akitaka kuanika nguo au kumwaga uchafu, lazima akate sebule yote. Upande wa pili wa sebule ndiko kuna chumba cha kulala, na humo mama mkwe haingii hata nyumba ikiungua. Mimi kochi langu lilikuwa katikati ya safari zake zote.

Alifika kutoka upande wa Lugulu akiwa na kuku kwapani, kwa maelezo ya mke wangu, na gomesi mpya ya kutoka soko la mpakani Lwakhakha. Mimi nilisikia kikohozi tu. Asubuhi iliyofuata, mke wangu alipokwisha kwenda kazini, sauti ikatoka jikoni.

"Mkwe, uko hapo?"

"Niko, mayi." Ndivyo sisi humwita mama.

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Sawa. Sasa ondoka. Napita."

"Mayi, huu mguu bado..."

"Mimi sina maneno na mguu. Nataka kupita na wewe uko kwa njia. Ama unataka nikupitie hapo mbele ya macho na ndoo kwa kichwa? Watu watasema ulioa kwa wazimu."

Nikavuta magongo. Kutoka kochini hadi chumbani ni mwendo ambao wanafunzi wa mke wangu wangeumaliza kwa kurukaruka. Mimi nilifika nikiwa nimelowa jasho, nikajifungia, nikaegemea mlango huku nikihema. Nikasikia malapa yakipita, mfereji ukifunguliwa, malapa yakirudi. "Rudi kwa kiti yako," sauti ikaamuru. Sikuwa nimekaa vizuri ndipo alipokumbuka sabuni.

Siku hiyo alikumbuka vitu vingi. Siku iliyofuata nikajaribu chenga: nikaamua kushinda chumbani na mlango umefungwa. Nilijiona mjanja hadi adhuhuri, harufu ya kuku wa kienyeji ilipopita chini ya mlango.

"Chakura iko kwa meza," akatangaza. "Huko unarara mimi siingii. Isipoliwa nitapea paka."

Nikatoka. Alikuwa amenifunikia sahani upande wa mbali kabisa wa meza, na juu ya ugali kulikuwa na firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeitia mdomoni niliposikia, "Mkwe, napita!" Nilikimbia. Nasema nilikimbia kwa maana ya mtu mwenye magongo mawili, goti lisilokunjika na firigisi nzima shavuni. Kuonwa nikitafuna kungekuwa kubaya kuliko kuvunjika mguu wa pili.

Tulizoeana kwa namna yetu. Alikuwa akichambua mboga ya mrenda huko jikoni na kunihoji kupitia ukuta.

"Ati kazi yako huambia watu nini?"

"Nawatia moyo, mayi."

"Kwani moyo yao ilienda wapi?"

"Wengine wamekata tamaa. Nawaambia wainuke."

"Na wanainuka?"

Nikafikiria kidogo. "Wanapiga makofi."

Kijiko kikagonga sufuria. "Makofi hata mtu amekaa anaweza piga," akasema, akaendelea na mboga zake. Nimehudhuria semina nyingi za kazi yangu na sijawahi kusikia tathmini fupi kama hiyo. Nilikasirika mpaka jioni.

Siku niliyoanguka tena, mahindi ya mama mwenye nyumba yalikuwa yameanikwa uani juu ya turubai. Mama mwenye nyumba ni mjane wa familia iliyotoka upande wa Nyeri zamani ikaja kulima Trans-Nzoia, na mahindi yake huyapenda kuliko wapangaji wake. Alikuwa ameenda sokoni. Wingu la Kitale, ambalo halina adabu, likaja bila kuaga mlima lilikotoka.

"Mkwe, napita! Mvua! Mahindi ya watu!"

Niliharakisha. Gongo moja likateleza mahali palipomwagika maji, nikaenda chini kifudifudi, kati ya kochi na mlango wa chumbani.

"Umefika?" akauliza.

"Sijafika."

"Uko wapi?"

"Niko chini, mayi."

Malapa yakaja mbio hadi mlango wa jikoni, yakasimama hapo. Nikafumba macho, nikamngojea. Mila ina mapengo yake, na mtu aliyeanguka husaidiwa na yeyote, hata mama mkwe.

"Umevunjika?"

Nikajipapasa. "Sidhani."

"Damu?"

"Hakuna."

"Basi mimi sikuji."

"Mayi, siwezi kuinuka. Kweli siwezi."

Aliposema tena, sauti ilikuwa chini. "Kukuinua naweza. Nimetoa ng'ombe kwa mtaro, sembuse wewe. Lakini nikikuona hapo, basi kila siku nikifikiria bwana ya msichana yangu nitaona mtu amerara kwa sakafu. Hiyo kitu sitaki kwa macho yangu. Nataka nikufikirie umesimama." Akakohoa. "Nimegeuka, naangalia ukuta. Inuka tupite, mahindi inanyeshewa."

Nililia, na si kwa maumivu. Nilitafuta kichwani maneno yangu yote ya jukwaani, yale yaliyonilipia hata lile kochi, na hakuna hata moja lililosema kiwiko kiwekwe wapi. Mwishowe nikakiweka kwenye kochi. Nikavuta mguu mzima chini ya tumbo. Ule mwingine haukuwa na pa kwenda ila kukunjwa, na goti likakunjika, likilia kama bawaba iliyokosa mafuta, kwa mara ya kwanza tangu ile meza. Nikapiga kelele. Halafu nikawa nimesimama, nimeshika ukuta, magongo yote mawili yakiwa bado sakafuni. Hakuna aliyepiga makofi. Nikaingia chumbani kwa kushikilia ukuta, nikafunga mlango.

"Pita, mayi."

Alikuwa ameshapita. Nilisikia turubai likiburutwa uani na yeye akiitukana mvua kwa Kibukusu.

Kesho yake mama mwenye nyumba alikuja kushukuru kwa mahindi yake. Mama mkwe alikuwa amekwenda dukani, kwa hivyo tuliongea kwa uhuru.

"Huyu mama ni mtu wa kazi sana," akasema. "Lakini niambie, maji yeye hupeleka wapi? Kila wakati namwona anatoka na ndoo. Anafungulia mfereji kidogo, anafunga, anasimama hapo akiangalia mahindi yangu, halafu anarudi na ndoo tupu. Nilianza kufikiria anataka kuniibia."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikumwambia mama mkwe kwamba nimejua. Alipoita "Napita!" jioni hiyo, nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza, nikajifanya nalalamika ili asishuku.

Siku ya kurudi kwake ilifika, Jumamosi, mke wangu akiwa nyumbani. Nilikuwa natembea kwa fimbo moja sasa. Nikajificha chumbani ili atoke kwa amani, lakini malapa hayakupita.

"Mkwe."

"Naam, mayi."

"Nimekaa kwa hii jiko nikisikiza hizo miguu yako. Moja inakanyaga, ingine inaburuta. Juzi nikasikia zote zinakanyaga. Lakini mimi sijaona. Nikirudi Lugulu wakiniuliza mkwe anatembea, nitasema nini? Ati nilisikia?"

"Sasa tufanye nini?"

"Mimi nasimama hapa kwa jiko. Wewe toka, enda mpaka geti, usigeuke. Mgongo si uso. Mgongo hakuna mtu alikataza."

"Mama!" mke wangu akashtuka.

"Nyamaza. Huyu ni mkwe yangu, si yako."

Nikatoka chumbani nikiwa nimewapa mgongo. Fimbo nikaiacha imeegemea kochi. Sijui nani alinituma. Nikavuka mlango, nikashika njia inayopita kando ya turubai la mahindi, na huko nyuma nikasikia malapa yakisogea hadi mlangoni ili mwenyewe aone vizuri. Nimesimama mbele ya watu wengi maishani mwangu, nimewachekesha na kuwaliza, na sijawahi kuangaliwa hivyo. Niliusikia mgongo wote ukiangaliwa. Nilikanyaga kulia, nikakanyaga kushoto, nikiogopa kila hatua na kuipiga, mpaka nikalishika geti kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yananitoka wazi, nami nikaishukuru mila kwamba siruhusiwi kugeuka.

Nilisubiri makofi, kwa mazoea.

"Anatembea kama bata," mama mkwe akamwambia binti yake. Akakohoa, akakohoa tena, kikohozi ambacho hakikuwa cha kunionya. Nikasikia akiinua kikapu chake.

"Haya, mwambie atoke hapo kwa geti," akasema. "Napita."