Nilikuwa napima nguvu za watu, kumbe mkono wangu ndio ulikuwa unaisha

Wakuu, ejok? Ndivyo tunavyosalimiana huku Turkana.

Nimesoma nyuzi za humu muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hivyo mnivumilie. Sitaongeza chumvi. Yaliyotokea yananitosha.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba, wakaniachia wadogo watatu. Niliacha shule nikawa mbeba magunia Lodwar, baadaye nikawa nashusha malori Lokichoggio. Miaka tisa, gunia juu ya shingo.

Kumbukeni hiyo shingo.

Nilipochoka nilipata kazi ya kufagia jimu Lodwar. Hapo ndipo nilipokutana na Faustin, fizio Mkongomani anayeishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Aliniona naelekeza watu kunyanyua vyuma bila kuumia mgongo, akanichukua niwe msaidizi wake kwenye kituo kidogo cha mazoezi ya viungo kule Kakuma. Akanifundisha kupima misuli.

Kupima kwenyewe ni hivi. Mtu anakaa kitandani, ananyoosha goti. Unaweka kiganja juu kidogo ya kifundo cha mguu na kusukuma chini. Akikuzuia na nguvu zako zote, unaandika tano. Akizuia kiasi halafu akashindwa, nne. Akiinua mguu mwenyewe lakini ukimgusa tu unaanguka, tatu. Inashuka hivyo hadi sifuri.

Mashine hakuna. Mashine ni mkono wako.

Nilikuwa mzuri, wakuu, sijisifu. Vijana wa Sudan Kusini wanaocheza basketboli walinibandika jina Mizani. Nikiingia tu wanapiga kelele, "Mizani amekuja, ficheni miguu!"

Sasa nije kwa Nakiru.

Ni kitinda mimba wetu, kiungo wa timu ya wasichana pale Lodwar. Kuna shule ya bweni ilikuwa tayari kumchukua bila karo kwa sababu ya mpira, mradi wamwone uwanjani kwenye mashindano ya mwisho wa muhula. Mimi niliishia darasa la saba. Huyu alikuwa aende hadi mwisho.

Shida ilikuwa goti la kulia. Aliliumiza miezi mitano kabla, tukalifanyia mazoezi pole pole. Kocha akasema hamchezeshi bila karatasi ya anayemtibu. Wiki hiyo Faustin alikuwa Kalobeyei.

Nikampima mimi. Nyumbani Nawoitorong, hapo hapo Lodwar, juu ya meza ya kulia chakula.

Nikasukuma mguu wa kushoto, haukutikisika. Nikasukuma wa kulia, haukutikisika.

Akacheka. "Sukuma basi, kaka! Ama hujakula?"

Nikasukuma tena. Kama ukuta. Miguu yote sawasawa. Nilifurahi hadi macho yakalowa. Sikumwambia hata aruke kwa mguu mmoja. Nikaandika tano, nikatia sahihi.

Siku ya mechi, kabla ya mapumziko, aligeuka na mpira. Hakuna aliyemgusa. Goti likaenda upande wake, yeye upande wake.

Tulipombeba hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Kaka, si uliandika tano?"

Nafasi ya shule ilienda kwa msichana mwingine. Siwalaumu.

Wiki iliyofuata Faustin aliomba daftari langu la vipimo. Akalisoma kurasa zote akiwa amesimama. Miezi mitatu, kila mteja alikuwa amepanda. Tatu zimekuwa nne, nne zimekuwa tano. Hata mama mmoja wa Burundi aliyepooza upande mmoja, asiyeweza kupanda ngazi ya mlangoni kwetu, nilimwandikia tano.

Akafunga daftari.

"Ndugu yangu, kambi muzima haiwezi kupata nguvu pamoja. Ni weye unaisha."

Akanyoosha kiganja. "Sukuma." Nikasukuma kwa kushoto, akarudi nyuma hatua. Nikasukuma kwa kulia, kiwiko kikakunjika kama kitambaa.

"Vidole vinalala?"

Nikasema ndiyo, vinakufa ganzi tangu joto lilipozidi. Nilidhani ni uchovu. Kila siku nilisukuma kadiri ya uwezo wangu, ila uwezo ulikuwa unapungua kidogo kidogo, nami ningeujuaje? Miguu miwili ya Nakiru ilionekana sawa kwa sababu mkono wangu haukuweza kuushinda hata mmoja.

Hospitali Lodwar walisema mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Magunia. Daktari alisema huenda nguvu zikarudi, huenda zikarudi nusu.

Faustin akawapima wateja upya, safari hii kwa mizani ya ndoano aliyoazima kwa mchuuzi wa samaki kutoka Todonyang. Mkanda kwenye kifundo cha mguu, ndoano kwenye mguu wa kitanda, mtu anavuta. Ikiwa shughuli ni ya dakika mbili na chombo ni mizani tu inayonuka samaki, kwa nini sikuitumia kwa Nakiru? Najiuliza kila siku.

Siku hizi nafagia tena. Nakiru anatembea kwa mkongojo, na kila Jumapili tukitoka kanisani ananikalisha kwenye meza ile ile na kunipima mkono. Nilimfundisha mimi.

Jumapili iliyopita alisema, "Zuia, kaka." Nikazuia hadi meno yakauma. Aligusa kwa vidole viwili tu, mkono ukaanguka.

Nikamwambia, "Andika nne basi, huu mkono ulikuwa umechoka tu."

Hakuinua macho. "Tatu. Naandika tatu."

Akaandika.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kabla hujampima mtu, hasa wa kwenu, mtafute wa kukupima wewe. Na ukiona kila mtu anakuwa hodari kwa pamoja, simama.

Wenye jimu, makocha, mafizio wa humu, nyinyi mnajipimaje? Na kama kuna aliyewahi kubanwa shingo hivi mkono ukarudi, aniambie ulichukua muda gani. Hata kama haukurudi, aseme tu.

Nitawajibu mmoja mmoja, pole pole, kwa huu wa kushoto.