Tanbihi Zimenyooka

Mwalimu huyu wa historia, jamani, kuandika anajua. Balaa lake ni ile programu ya kuandikia. Wenzake wanatumia ya kawaida: wanafungua, wanaandika, wanalala. Yeye kachagua ile ambayo kila kitu unakipanga mwenyewe, kuanzia rangi na vitufe mpaka tanbihi zikae vipi chini ya ukurasa. Mwaka mzima anapanga tu! Mumewe kachoka, akirudi kazini anauliza mlangoni, "Mume mwenzangu yupo?" Siku moja akampasha kabisa: "Mke wangu, mchagua jembe si mkulima."

"Hujui raha yake wewe," mwalimu akamjibu, vidole haviachi kubonyeza.

Tasnifu yake ya visima vya zamani vya mji ilikuwa imebaki sura ya mwisho. Msimamizi wake, mzee mpole aliyemvumilia tangu mwanzo, alikuwa anastaafu Ijumaa. Alimwambia waziwazi: "Mwanangu, niletee siku hiyo mchana, niisome, nitie sahihi. Nikishaondoka utapewa mtu mwingine, na huyo atakuanzisha upya."

Ijumaa ikafika, na sura imekwisha. Imekwisha kweli! Mwalimu akaketi ofisini kwa mzee, kompyuta mapajani, akabonyeza ili aichapishe. Weee! Jana yake alikuwa ameongeza amri moja tu ya kunyoosha namba za tanbihi, na sasa tanbihi zote zimekimbilia ukurasa wa mwisho, zimerundikana huko.

"Nipe hivyo hivyo," mzee akasema. "Si yanasomeka?"

"Yanasomeka, Profesa, lakini yanatia aibu. Dakika moja tu."

"Mimi nasoma visima, sisomi namba."

"Dakika moja, Profesa, tafadhali."

Dakika gani hiyo! Akifuta amri hii, ile inalalamika. Akirekebisha ile, herufi zinageuka kijani. Jasho likamtoka, akaitukana kompyuta kimoyomoyo matusi ambayo wanafunzi wake wangeshangaa kuyasikia. Mzee akawa anapita na maboksi ya vitabu, anatoka, anarudi. Mara ya mwisho alisimama mlangoni, koti mkononi.

"Mwanangu, gari linaningoja."

"Naam, Profesa, namalizia," alijibu, macho kwenye kioo.

Na akamaliza. Kila tanbihi ikashuka chini ya ukurasa wake, ikatulia. Akainua kichwa akitabasamu. Rafu zilikuwa tupu, na mlangoni alisimama katibu na funguo.

"Dada, naomba nifunge."

"Profesa yuko wapi?"

"Si alikuaga? Na ukamwitikia."

Nyumbani mumewe alimkuta amekaa sebuleni, viatu bado miguuni. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Vipi, mzee ameisoma?"

"Tanbihi zimenyooka," mwalimu akasema, kisha akalia kwa hasira mpaka mumewe akamwondolea kompyuta mapajani.